Mafuta Inaingilia Wapi?

Baba aliishika roboti yangu ya plastiki kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na dirisha, akaigeuza polepole kama mtu anayechagua yai sokoni. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso, inapokaa siku zote isipokuwa inapohitajika. Nilisimama kando nikingoja sifa. Nilikuwa nimemaliza wiki saba kwenye kitu kile: kukata, kupiga msasa, kupaka apre (rangi ya msingi), kupaka kijani, kisha kupaka kijani tena baada ya kile cha kwanza kuvimba. Urefu wake sentimita 12. Jicho moja, ngao begani kulia, miiba mitatu begani kushoto.

"Hii mashini," akasema mwishowe, "mafuta inaingilia wapi?"

Wasomaji wa Dar na Mombasa wataiona sarufi ya mzee na kukuna kichwa. Ndivyo tunavyosema huku Lubumbashi, Kongo, na swali lenyewe nadhani mmelielewa. Mimi sikulielewa. Nilimjibu kwamba hii ni roboti ya vita vya angani, vita vya karne ambayo bado haijafika, na huenda wakati huo mafuta hayatahitajika. Baba akanitazama kama anavyowatazama watu wanaonunua jenereta bila kuuliza spea zake zinapatikana wapi.

"Kila kitu yenye kupinda magoti inaomba mafuta," akasema, akajipapasa goti lake mwenyewe.

Akairudisha mezani na kuondoka kwenda kuota jua. Siku ile nilikasirika. Sasa huu ni mwaka wa nne, na karibu kila ninachokijua kuhusu kupaka rangi roboti za plastiki kimetoka kwenye swali lile.

Nianze basi na mashine yenyewe. Inaitwa Zaku. Imetoka kwenye katuni ya televisheni ya Kijapani, Mobile Suit Gundam, iliyoanza kuonyeshwa Aprili 1979. Mwongozaji alikuwa Yoshiyuki Tomino, na mitambo ilichorwa na Kunio Okawara. Kabla yake, katuni nyingi za roboti zilikuwa na jitu moja la chuma, shujaa, karibu malaika. Tomino na wenzake wakaifanya roboti kuwa silaha ya kiwandani: inaishiwa risasi, inavunjika mguu, inarudishwa karakana, mafundi wanaipanda kwa ngazi. Watazamaji wa mwanzo hawakuwa wengi, na katuni ikakatishwa kwenye sehemu ya 43, Januari 1980. Kilichoiokoa ni marudio kwenye televisheni na masanduku. Julai 1980 kampuni ya Bandai ilitoa sanduku la kwanza la kuunda roboti shujaa wa katuni ile, Gundam, kwa kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ya kwenye hadithi, kwa yen 300. Watoto wa Japani wakapanga foleni madukani.

Sanduku la wakati ule lilitaka gundi, na plastiki karibu yote ilikuwa ya rangi moja, kwa hiyo asiyepaka rangi alibaki na kitu kinachofanana na sabuni. Siku hizi vipande vinaingiana vyenyewe bila gundi, na vinatoka kiwandani vikiwa tayari na rangi zake. Kuna madaraja: High Grade iliyoanza 1990, Master Grade ya kipimo cha 1/100 mwaka 1995, Perfect Grade ya 1/60 mwaka 1998, na Real Grade ya 2010, ndogo kama High Grade lakini yenye vipande vingi vya kumtoa mtu machozi. Mimi ni mtu wa High Grade. Sababu ya kwanza ni mfuko. Ya pili nitaisema mbele.

Sanduku langu la kwanza lililetwa na mama mmoja wa mtaani anayekwenda Guangzhou kununua vitambaa na viatu. Nilimwomba kama utani. Akarudi nalo, akanitajia bei, nikahesabu haraka kichwani: mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, pamoja na samaki tomsoni wa wiki. Mke wangu alihesabu haraka kuliko mimi. "Baba watoto," alisema akiliangalia sanduku, "hii tutaisonga bukari?" Hadi leo kila sanduku linaloingia nyumbani analiita mfuko, na huuliza ni la kilo ngapi.

Sikuwa mgeni wa kuunda vitu. Nilikulia Katuba, kata ya hapa Lubumbashi, na kama watoto wote wa hapa niliunda motoka za nyaya, zile zenye usukani mrefu unaousukuma ukitembea wima. Nyaya za baba zilikuwa zikipotea kwenye boksi lake la vyombo, na alijua kabisa zilikokwenda. Lakini motoka ya nyaya unaiunda kutoka kichwani. Ukikosea, unanyoosha waya na kuanza upya. Sanduku la Wajapani ni jambo jingine. Unalifungua unakuta fremu za plastiki zilizojaa vipande kama mti wenye matunda mabichi, kila kipande na namba yake, na kitabu cha michoro kisichohitaji lugha. Humo ndani mtu mwingine ameshafikiria kila kitu. Baba alipoziona fremu zile alisahau roboti. Alizishika, akazipitisha kwenye mwanga, akatafuta mstari ambapo nusu mbili za kalibu hukutana. Ukucha wake haukuukamata. "Mwenye kufanya hii muli," akasema, akimaanisha kalibu, "huyo ndiye fundi. Wewe unakata tu."

Na kweli, mwanzo ni kukata. Unakata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kukitoa kwenye fremu, halafu karibu, kuondoa kile kishina kilichobaki. Ukikata mara moja kwa pupa, plastiki inavutika na kuacha doa jeupe ambalo msasa hautaliondoa, kwa sababu si uchafu wa juu. Ni plastiki yenyewe imechoka ndani. Mimi nilianza na pense ya fundi redio, ile ya kukatia nyaya, na Zaku wangu wa kwanza ana madoa meupe kama mtoto aliyepona tetekuwanga. Baada ya kukata ni msasa: namba 400, kisha 600, 800, na 1000 ukitaka kulala vizuri. Sehemu hii haina hadithi. Unapiga msasa, unasikiliza redio, unapiga msasa.

Hadithi inaanza kwenye rangi.

Mimi nilijifunza kuchakaza mashine kwa kutazama video. Kuchakaza ndiyo hasa raha ya kazi hii: unachukua roboti mpya, inayong'aa kama gari la waziri aliyeapishwa jana, na kuifanya ionekane imefanya kazi. Watu kwenye video wanachovya kipande cha sponji kwenye rangi ya kahawia, wanagusagusa kingo, tayari, kutu. Sponji niliikata kwenye godoro. Brashi nzuri sikuwa nayo, nikatumia na vidole, na sikuona aibu, maana mji huu una historia hiyo. Mwaka 1946, wakati bado unaitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua shule yake ya uchoraji, Le Hangar, na mmoja wa wachoraji wake, Bela, alikuwa akipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa vistari vifupi, Pilipili Mulongoy kwa vinukta na mawimbi madogo. Nikijilinganisha nao nitachekwa, lakini kidole ni chombo halali.

Basi nikamaliza Zaku wa pili. Kutu kila mahali. Mgongoni ana mabomba mawili ya kutolea moto, nikayapaka zile rangi ambazo chuma hupata kikipata joto kali: njano kwenye mdomo wa bomba, penye moto, kisha zambarau, kisha buluu kuelekea nje. Nilijivunia sana mabomba yale. Nikampelekea baba.

Alivaa miwani, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha.

"Hii moto yako inapita kinyume."

Sikubishana kwa maneno, nilibishana kwa uso. Baba hakusema zaidi. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kibanda ambamo bado anachomelea milango na madirisha ya majirani, ingawa kazi ya kampuni aliiacha zamani baada ya miaka 31 kwenye karakana ya kurekebisha mashine za shaba. Akachukua kipande cha bati la chuma, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, akapitisha mstari mmoja mfupi wa kuchomelea, akakiacha kipoe juu ya tofali. Kisha akaniita.

Pembeni kabisa mwa mstari chuma kilikuwa kijivu. Ukitoka nje kidogo, buluu. Halafu zambarau. Halafu kahawia. Mwisho kabisa, mbali na moto, njano hafifu kama chai ya mtu aliyefilisika. Niliishi na mtu anayetengeneza upinde ule kila siku kwa miaka yote ya utoto wangu, na sikuwahi kuutazama.

Rangi zile zinatokana na ganda jembamba la oksidi linaloota juu ya chuma. Joto likizidi ganda linanenepa, na mwanga unarudi na rangi nyingine. Njano huja karibu na nyuzi 220 za Selsiasi, zambarau kama 280, buluu karibu na 300. Kwa hiyo buluu ndiyo iliyoonja moto zaidi, na njano ndiyo iliyosikia habari tu. Mimi nilipaka kwa akili ya mchoraji wa bango: njano ni moto, buluu ni baridi. Nikaosha mabomba yote mawili kwa tina na kuanza upya. Hizo rangi huwezi kuzipaka nzito. Unachanganya tone la wino wa kalamu nene na vanishi angavu, unapita mara nyingi, kila mara kama unapumua juu ya kioo. Kipande cha bati la baba kipo mezani kwangu hadi sasa. Kimeshika kutu kidogo upande mmoja, nayo kutu hiyo nimeichungulia pia.

Maana kutu nayo nilikosea. Kutu haikai popote sponji inapotaka. Inakaa maji yanapotuama: juu ya miguu, kwenye mikunjo, chini ya kila kitu kinachodondosha. Mahali panaposuguliwa kila siku hapana kutu, panang'aa. Tazama meno ya mashine ya kuchimba, tazama kishikio cha mlango wa basi. Nilipomuuliza baba kuhusu vumbi, alinipa somo fupi kuliko yote: "Vumbi haipende chuma kikavu. Inapenda mafuta." Ndiyo maana mashine ya mgodini ina weusi mzito kwenye maungio: mafuta yanavuja kidogo, vumbi linayafuata, linakaa, linageuka tope jeusi, na juu ya tope hilo vumbi jipya jekundu. Sehemu nyingine za mwili zina ukungu tu wa vumbi, mzito chini ya magoti, mwepesi juu, na kidogo kwenye kila kitu kilicholala kama rafu.

Hapo swali la kwanza likarudi. Kama sijui mafuta inaingilia wapi, sijui inavujia wapi, na kama sijui inavujia wapi, vumbi langu ni la uongo.

Sasa sababu ya pili ya kupenda High Grade za bei ndogo, na Zaku kuliko roboti shujaa mweupe. Zaku ni mashine ya wengi. Kwenye hadithi zimetengenezwa kwa maelfu, anaendesha askari asiye na jina, ikivunjika inachukuliwa goti la nyingine. Hiyo mimi naijua. Nusu ya magari ya mji huu yanaishi hivyo. Roboti mweupe anang'aa peke yake, na ukimchakaza anaonekana amefanyiwa dharau. Najua mashabiki watanirarua, lakini nimeshasema.

Vumbi langu nalitoa kwenye kichuguu. Katanga yetu ina vichuguu vikubwa kuliko nyumba, na udongo wake ndio watu wanafyatulia matofali. Nilichukua bonge moja, nikalitwanga kwenye kinu cha zamani, nikalichuja kwenye soksi ndefu ya mke wangu, ambayo ilikuwa imeshatoboka, nasisitiza. Unga uliotoka ni laini kama poda ya mtoto. Uchujaji si anasa. Kwenye kipimo cha 1/144, punje ya nusu milimita ni jiwe la sentimita 7. Roboti iliyopakwa udongo usiochujwa inaonekana imepigwa mawe na kijiji kizima. Hesabu hiyohiyo inakuadabisha kwenye mikwaruzo: doa la milimita moja, ambalo kwenye meza halionekani, ni rangi iliyobanduka kwa upana wa sentimita 14. Unga naupaka mkavu kwa brashi, kisha naushika kwa tone la spiriti, na mwisho pazia la vanishi isiyong'aa kutoka mbali.

Hiyo vanishi ilinipa masika mabaya. Mwezi wa Januari, mvua imetoka kunyesha, hewa imelowa, mimi nina haraka. Nikapuliza. Roboti ikageuka nyeupe mbele ya macho yangu, kana kwamba imemwagiwa unga wa muhogo. Mvuke wa hewani hunaswa ndani ya vanishi inapokauka upesi, na ukishanaswa ndiyo basi. Nilipuliza tabaka la pili siku ya jua. Ukungu ukapungua, haukuisha. Tangu hapo nafuata kalenda ya wakulima. Novemba hadi Aprili, mvua, nakata na kupiga msasa. Kuanzia Mei, kiangazi, napaka. Lakini kiangazi nacho kina vumbi lake, jekundu, lisilochujwa, linaloingia hata kwenye sukari. Mafundi wa rangi za magari wamenifundisha: mwaga maji sakafuni kwanza, paka alfajiri kabla watu hawajaanza kufagia. Kwa hiyo Julai, saa kumi na moja asubuhi, kwa baridi ya Lubumbashi ambayo wageni hawaiamini, utanikuta barazani nimevaa koti zito na barakoa, napulizia rangi mguu wenye ukubwa wa kidole gumba.

Kompresa yangu ilikuwa moyo wa friji. Fundi wa friji pale Kenya (kata yetu ya Kenya, si nchi) aliniuzia kompresa ya friji iliyokufa, akaiunganisha na mtungi mtupu wa kizima moto uwe tangi la hewa. Inanong'ona tu, watoto hawaamki. Inatema mafuta kidogo, kwa hiyo lazima kichujio kiwepo njiani, la sivyo rangi itajaa macho ya samaki, vile vishimo vidogo vya duara. Napuliza kwa shinikizo la bari 1 hadi 1.5. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hewa ya tangini inanipa dakika mbili tatu za kumaliza uso nilioanza. Nimejifunza kupanga kazi kwa vipande vya dakika mbili.

Kuna pia siku ya kifundo cha mguu. Nilitaka kutia weusi kwenye mistari ya mwili, nikayeyusha rangi ya mafuta kwa petroli, kwa kuwa petroli ilikuwepo. Nikaichirizisha kwenye kila mfereji. Ikapendeza. Nikaenda kula, niliporudi Zaku alikuwa amelala kifudifudi na mguu mmoja umebaki umesimama peke yake. Petroli hupenya kwenye plastiki, hasa ile ya maungio ambayo tayari imebanwa na ina msukumo ndani yake, na plastiki inapasuka bila kelele. Nilitoboa tundu jembamba kwenye vipande vyote viwili, nikapitisha waya wa shaba wa milimita moja, na kuziba ufa kwa uji niliopata kwa kuyeyusha vipande vya fremu ileile kwenye tina ya duko, rangi ya magari. Mguu ule sasa ni imara kuliko mwenzake. Baba aliufurahia sana, si kwa uzuri wake. "Shaba yetu imeingia mufupa ya Mujapani," akasema, akaicheka peke yake mpaka kikohozi kikamshika.

Majirani wana maoni yao. Rafu yenye watu wadogo tisa, wenye jicho moja, wanaoangalia mlango, haielezeki kirahisi kwa mgeni wa maombi ya jioni. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini ni ya kazi gani. Nilimwambia ni vitu vya kuchezea. Mtu mzima kusema hivyo ni vibaya kuliko uchawi, nilimwona akihuzunika. Binti yangu wa miaka tisa alinisaidia kwa kuwaita maroulage, polisi wa barabarani, akikumbuka zile roboti za aluminiamu zinazoongoza magari Kinshasa, zile ambazo mhandisi Thérèse Izay na wenzake walianza kuzisimamisha mwaka 2013. Mgeni akatulia. Kumbe roboti Mkongo ipo, inatumia jua, inainua mkono na magari yanasimama. Basi hawa nao huenda ni wadogo zake. Na ukivuka Kasumbalesa ukaingia Zambia, ukaambiwa pinda kulia kwenye roboti, usitafute mtu wa chuma: wanamaanisha taa za barabarani.

Zaku wa sasa, wa kumi, tunamfanya wawili. Haikupangwa. Baba alikuwa na neno juu ya zile bomba nene zinazotoka nje ya mwili, kiunoni, miguuni, na moja inayopita mdomoni kama mkonga. "Mipira ya presha wanaiacha nje? Jiwe moja tu, na mashini imelala." Nilimweleza kwamba ndivyo ilivyochorwa na Okawara mwaka 1979 na dunia nzima inaipenda hivyo. Hakushawishika, lakini kesho yake alikuja na springi sita za kalamu za bei rahisi, akazipanga mezani. Nikakata bomba za plastiki, nikaingiza waya ndani ya springi, nikazipinda mahali pake. Wenye hobi hii duniani kote wanafanya hivyo, nimekuja kuona baadaye. Baba hakuwa ameona popote. Aliona tu kwamba mpira wa presha lazima uwe na kitu cha kuulinda.

Halafu Jumapili moja baada ya ibada, akaomba verni nyekundu ya kucha ya mke wangu na kijiti cha kuchokolea meno. Kwenye karakana, alisema, mahali pa kutilia mafuta panapakwa doa jekundu, ili kijana wa zamu asipitwe na hata mahali pamoja, hata usiku, hata akiwa na usingizi. Akavaa miwani. Mkono wake siku hizi unatetemeka kidogo asubuhi, lakini alipoushikilia kwa mkono wa pili ukatulia. Magoti, mbele na nyuma. Vifundo. Viwiko. Shingo. Kila bega mawili. Nilihesabu madoa 18, kila moja dogo kuliko kichwa cha pini, na sikuthubutu kupumua karibu yake.

Alipofika kwenye nyonga akasimama. Akaigeuza mashine, akaitazama kutoka chini, kama mtu aliyesimama ardhini akitazama juu. Urefu wake wa kweli, kwenye hadithi, ni mita 17 na nusu.

"Hapa mutu anafika namna gani?"

Nikasema sijui. Pengine wana kreni.

"Kreni ya kutiya mafuta?" Akafunga kichupa cha verni. "Huyo mutoto wa zamu ataanguka. Weka ngazi kwanza, kisha nitatiya alama."

Kwa hiyo natengeneza ngazi. Madaraja ya ngazi halisi huachana kama sentimita 30, ambayo kwa 1/144 ni milimita 2 na ushee. Nyonga iko mita tisa hivi kutoka chini, kwa hiyo yanahitajika madaraja 30, ya waya wa shaba uliovuliwa kwenye kebo ya simu, kila moja likiunganishwa kwa lehemu pande zote mbili bila kuyeyusha lililotangulia. Nimefika la kumi na tisa. Jana baba alipita, akaligusa la saba kwa ukucha, likatoka.